Mega Nane Zilizofichwa

Wasomaji, wiki iliyopita niliwaacha pale Blandine, mke wangu, alipoingia chumbani akakuta cherehani yake haipo, na mimi nikamjibu kifua mbele kwamba nimeiuza ili nikasomee kompyuta Lubumbashi. Wiki tatu za masomo, cheti kimoja chenye muhuri. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alibeba beseni la mihogo ya kuchemsha akaenda kuwauzia wachimbaji wa mgodi wa Kamatanda, na mimi niliporudi nikatafuta msumari wa kutundikia cheti.

Msomaji mmoja wa Kikula ameliandikia gazeti kwamba mimi ni mjinga wa kupimwa kwa mizani. Ndugu yangu, haraka ya nini? Ile ya cherehani ilikuwa mazoezi tu.

Basi ni mwaka 1998, mwezi wa tano. Ni mwaka wa pili tangu kampuni itupe likizo isiyo na tarehe ya kurudi. Mimi Arsène, fundi umeme mwenye diploma, miaka kumi na mmoja kwenye vyombo vya kupimia vya usine, kiwanda cha shaba, nimekaa barazani na suruali iliyopigwa pasi, naangalia mji wa Likasi unavyojiaibisha. Walimu wanauza mandazi. Makarani wanabeba magunia ya malakiti, mawe ya shaba, mgongoni. Mafundi niliofanya nao kazi wanaingia kwenye usine iliyolala, wanakata nyaya walizozifunga kwa mikono yao wenyewe. Niliwadharau wote, na dharau ile niliiona kuwa ni heshima yangu.

Zaidi ya wote niliwadharau wachimbaji. Walipita mbele ya nyumba na baiskeli zao, nywele nyeupe kwa vumbi, wakikohoa. Nilikuwa na maneno yangu, na niliyarudia mezani kila walipopita.

"Bale bantu ba Kamatanda, kifua inabakamata juu ya uchafu," nilimwambia Blandine. "Muntu ya kukohoa vile, minye siwezi kukaa naye mu nyumba moya. Hata ikuwe ndugu yangu, nitamutosha inje na mukeka yake."

Blandine aliendelea kuchambua maharage.

"Umesema, Baba Carine," alinijibu. Carine ni binti yetu.

Maneno yale ya mkeka yashikeni vizuri. Mimi sijaweza kuyasahau mpaka leo.

*

Kazi yangu ya kwanza ya kompyuta niliipata kwenye zahanati ya mtaa wetu. Dokta Nicolas, Mbelgiji aliyetibu kifua kikuu pale miaka miwili, aliporudi kwao aliacha kompyuta yake ya kupakata, ile wanayoita portable, nzito kama tofali. Aliacha pia bahasha yenye disketi tatu, na juu ya bahasha aliandika kwa kalamu nyekundu: zisifutwe.

Muuguzi mkuu, Mama Philomène, aliitumia mashine ile kuandika orodha ya wagonjwa wa kifua kikuu: jina, mwezi wa dawa, vidonge vingapi. Kila mwisho wa mwezi orodha ilichapwa ikapanda lori kwenda Lubumbashi, na lori likarudi na makasha ya dawa kulingana na orodha. Bila orodha, hakuna kasha. Bila kasha, mtu aliyefika mwezi wa tano wa dawa anaanza upya kutema damu.

Zamani orodha ilikuwa pia kwenye daftari. Mimi nilimcheka Mama Philomène kwa daftari lake.

"Mama, unaandika mara mbili? Karatasi ni ya kufungia karanga!"

Akanisikiliza, maskini. Madaftari yakaenda kwa akina mama wa karanga sokoni. Na wagonjwa wenyewe hawakuweka kadi nyumbani. Wengi walizikataa, maana kadi ya kifua kikuu ikionwa na jirani au na mume, umekwisha. Kwa hiyo watu sitini na mmoja walikuwa ndani ya mashine ile, na kwingine kokote hawakuandikwa.

Jumanne moja Mama Philomène akaniita.

"Ingénieur, mashini inakatala. Inasema disque inajaa. Niko na bagonjwa batatu bapya ba kuandika, na camion inaenda Lubumbashi Jumatatu saa sita."

Nikaigeuza mashine chali. Chini palikuwa na karatasi ya kiwanda: diski ya mega 210. Nikaiwasha, nikaiuliza diski yake ina ukubwa gani. Mega 202.

"Mama," nikasema, "banakuiba mega munane."

"Nani aliiba? Hii chumba iko na funguo moya, na iko kwangu."

"Haiko bantu ba hapa. Ni bale balitengeneza mashini. Banauzisha mia mbili na kumi, halafu banaficha munane kusudi usione. Bazungu njo vile biko. Na shaba yetu balifanyaka vile vile."

Lazima mnielewe kidogo. Mwaka ule mjini kwetu kila mtu aliamini kuna kitu kimefichwa mahali. Nyumba ya Mzungu aliyeondoka ilibomolewa kuta, sakafu ikachimbwa, wakatafuta sanduku la dhahabu wakapata bomba la choo. Niliwacheka sana wabomoaji wale. Sasa na mimi nilikuwa nimepata ukuta wangu, na sikujiona.

Nikafungua programu ya kugawa diski. Skrini ikaonyesha sehemu mbili. Kubwa ilikuwa ya mega 202. Ndogo ilikuwa ya mega nane, haina jina wala herufi.

Nyuma yangu alisimama mzee Barthélemy. Yeye ni mwenyekiti wa kamati ya zahanati, na usine alikuwa mkuu wa zamu yangu. Alikuwa amekuja kutazama paa.

"Na mule ndani muko nini?" akauliza.

"Bintu ya fabricant, Papa. Haina kazi."

"Umefungula ukaona?"

"Haifunguke. Njo maana nasema ni bwizi."

Mzee akatoa kufuli mfukoni, akaliweka mezani karibu na mkono wangu. Kufuli la usine, namba 17 imegongwa juu yake. Tangu usine isimame alilitumia kufungia baiskeli.

"Arsène, weye ulifanya kazi kwangu. Unakuta kadenas ku interrupteur, na mwenyewe haiko. Unafanya nini?"

"Papa, hapa haiko usine."

"Nakuuliza, unafanya nini?"

Jibu nililijua, kila fundi wa Likasi analijua. Kwetu kila fundi umeme alikuwa na kufuli lake lenye namba, na kabla hajaingia kwenye mashine alilitia kwenye swichi, akaondoka na ufunguo. Kufuli la mtu halikatwi. Siku moja laini nzima ilisimama saa tano kwa sababu fundi alikwenda harusini na ufunguo mfukoni. Mkurugenzi mwenyewe alituma gari likamfuate. Kutuma msumeno hakuthubutu. Maana hujui kama hakuna mtu ndani ya mashine.

"Unamutafuta mwenyewe," nikajibu kwa uvivu.

"Basi mutafute. Andikia Dokta Nicolas barua."

"Barua! Posta gani? Papa Barthélemy, usine inasha kufa, na sheria yake inasha kufa."

Nikabonyeza. Mashine ikaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika mara mbili.

*

Ilifanikiwa, na hilo ndilo linaloniuma. Ile nafasi ya mega nane nikaitengeneza upya, nikahamishia barua za zamani za dokta, na diski ikapumua. Mama Philomène akaandika wagonjwa wake watatu wapya, wakawa sitini na wanne, akanipigia makofi. Mzee Barthélemy alichukua kufuli lake akarudi kwenye paa.

"Na hizi disketi, Mama, hazina kazi tena," nikasema.

"Docteur aliandika zisifutwe."

"Docteur haiko. Minye niko."

Nikaanza kuzifuta palepale. Ya kwanza ikafutika, ya pili ikafutika. Ya tatu ikakataa, kwa sababu kile kidirisha chake kidogo cha pembeni kilikuwa kimesukumwa, imefungwa isiandikwe. Kukisukuma kwa ukucha ni kazi ya sekunde moja. Niliona uvivu, nikaitia mfukoni pamoja na zile mbili.

Jioni hiyo niliziuza kama disketi tupu kwa Eddy, kwa kilo ya sukari na mche wa sabuni.

Huyu Eddy ndiye mtu pekee mjini aliyekuwa na kompyuta ya biashara. Aliwachapia watu barua karibu na soko. Ni kijana wa kanisa la uamsho, na kabla ya kuwasha mashine yake anaiwekea mikono anaomba. Niliwahi kumkuta anaikemea imprimante, mashine ya kuchapa, kwa jina la Yesu kwa kuwa imekwama karatasi. Nilisimulia habari hiyo mtaani miezi miwili.

"Aksanti, Yaya Arsène," aliniambia akizipokea disketi kwa mikono miwili. Yaya kwetu ni kaka mkubwa, na heshima hiyo pia niliidharau.

Jumatano umeme ukakatika. Alhamisi hakuna. Ijumaa hakuna. Betri kubwa ya mashine ilikuwa imekufa zamani, na ile ndogo ya ndani, ya kushikilia saa, ilikuwa imezeeka. Siku hizo tatu zikaimaliza. Jumamosi asubuhi umeme ukarudi, Mama Philomène akawasha, akatuma mtu kuniita mbio.

Skrini ilikuwa nyeusi na mistari miwili ya Kiingereza. Tarehe ilisema mwaka 1980. Mashine ilikuwa imesahau kila kitu: saa, siku, hata kwamba ina diski tumboni. Mstari wa mwisho uliagiza kubonyeza F10 ili kuipanga upya.

Nikabonyeza F10. Kimya. Nikabonyeza tena kwa nguvu zaidi, upumbavu ambao ningemcheka mwingine. Kimya.

Hapo ndipo nilipoelewa. Programu ya F10, ile inayoikumbusha mashine kuwa ina diski, watengenezaji waliiweka ndani ya zile mega nane. Hawakuiba kitu. Waliificha ili mtu kama mimi asiifute. Orodha ilikuwa bado imelala kwenye diski, nzima, majina yote sitini na manne, na mashine haikujua tena njia ya kuifikia. Njia nyingine ilikuwa kwenye disketi za dokta, zile nilizomuuzia Eddy.

Mzee Barthélemy akaingia.

"Inakuwa nini?"

Wasomaji, hapa ndipo ninapotaka mnitukane, kama bado mna matusi.

"Ni Mama Philomène," nikasema. "Courant ilirudia, akabonyeza kintu mubaya."

Mama Philomène alinigeukia polepole. Ni mama wa miaka hamsini na kitu, amezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule.

"Minye, Ingénieur?"

"Mama, hizi mashini hazitake vidole ya haraka."

 Aliinamisha kichwa, akaanza kupangusa kibodi kwa kitambaa. Mzee akanitazama mimi, akamtazama yeye.

"Kama liste haiende Jumatatu," akasema, "kamati itapashwa kutafuta muntu mwingine wa kushika kazi ya Mama. Nitasema nini kwa bagonjwa?"

Nikaenda nyumbani nikalala mchana.

*

Habari zilimkuta Blandine barabarani akirudi kutoka Kamatanda. Aliingia na beseni kichwani, hakulitua.

"Liste ya dispensaire inapotea?"

"Inasinzia tu. Nani alikuambia?"

"Jumatatu itaenda ao haitaenda?"

"Na weye inakusumbua nini, Mama Carine? Bale ni bachimbaji. Balijitakia."

Akatua beseni chini kwa kishindo, mihogo iliyobaki ikaruka. Akakohoa, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge. Nilidhani ni moshi wa makaa. Wiki kadhaa nilikuwa nadhani hivyo. Mwanamke ambaye aliporwa cherehani akalia tu, sasa alisimama mbele yangu amenizibia mlango.

"Enda kwa Eddy."

"Kwa ule mutoto wa kuombea imprimante? Nikafanye nini?"

"Ile sukari ya Jumanne, Eddy aliniambia ilitoka wapi. Uko na disketi ya docteur kwake. Enda."

"Siwezi kumuomba ule mutoto."

"Basi minye nitaenda," akasema. "Nitapiga magoti mu soko, na bantu batajua juu ya nini."

Sikuelewa kwa nini anajali hivyo. Nilichojali ni picha ya mke wangu amepiga magoti mbele ya Eddy, na mtaa unacheka. Kwa hiyo Jumapili nilikwenda mwenyewe, ili kuokoa jina langu na si mapafu ya mtu yeyote.

Eddy alikuwa anatoka kanisani, sauti imekauka kwa kuimba, Biblia kwapani.

"Yaya Arsène! Unakuja kusali na siye?"

"Zile disketi. Uliziandika kintu?"

"Mbili niliziandika. Ya tatu ilikuwa inafungwa, na ndani yake muko bintu. Niliifungula, nikasoma: configuration ya portable. Nikasema, hii haiko yangu. Niliiweka mu Biblia, siku moya yaya atairudilia."

Akafungua Biblia. Disketi ilikuwepo, katikati ya kurasa, na kidirisha chake bado kimefungwa. Nilinyoosha mkono. Eddy akafunga Biblia.

"Nitaileta minye mwenyewe kesho asubui. Lakini iko condition moya."

"Unataka sukari yako?"

"Sukari kula na bana bako. Nataka useme kweli mbele ya Mama Philomène na Papa Barthélemy. Utasema njo nitaingiza disketi."

"Weye mutoto, weye! Unajua minye ni nani?"

"Najua, yaya," akasema, wala hakucheka. "Njo maana sikupe hapa."

*

Jumatatu saa mbili asubuhi, veranda ya zahanati ilikuwa imejaa. Jumatatu ndiyo siku ya kumeza dawa mbele ya muuguzi na kupewa za wiki. Walikaa kwenye ukuta mfupi, wachimbaji, wauza samaki, mwalimu mmoja niliyemjua, vitambaa midomoni, kila mmoja akiwa ameugeuzia mtaa kisogo. Nilipita katikati yao nimeziba pua. Ndiyo, hata siku hiyo.

Ndani walikuwa watatu: Mama Philomène, mzee Barthélemy na Eddy na Biblia yake. Mashine ilikuwa imewashwa, mistari miwili ya Kiingereza inangoja. Lori lingeondoka saa sita.

"Yaya atasema," Eddy akasema.

Nilitafuta namna ya kulisema bila kulisema. Nilianza na umeme, nikaja kwenye ubora wa betri za zamani, nikagusa Ulaya. Mzee Barthélemy akatoa kufuli namba 17, akaliweka mezani. 

"Ni minye," nikasema. "Mama Philomène hakubonyeze kintu. Ile sehemu ya mega munane nilifuta minye, na disketi niliziuzisha minye. Nilimubebesha uwongo."

 Mama Philomène alivaa miwani yake.

"Nilijua tangu Jumamosi," akasema. "Nilikuwa nangojea nione uwongo yako itafika wapi. Eddy, ingiza."

Eddy akaiwekea mashine mikono, akaomba kwa sauti ya chini. Sikucheka. Akaingiza disketi, na mashine ikanguruma, ikasoma, ikaleta ukurasa wa bluu. Nikaketi, nikaijaza: tarehe, saa, aina ya diski. Eddy akanisomea namba kutoka kwenye karatasi ya kiwanda. Tukaizima. Tukaiwasha.

Ikaamka. Diski ikaonekana. Faili la orodha likawa pale pale tulipoliacha.

"Mungu ni mukubwa," Eddy akasema.

"Ifungule tuone kama haikuharibika," nikasema, na nilikuwa nimeshaifungua.

Mama Philomène akaja haraka, akaweka kiganja chake kwenye skrini.

"Aksanti, Ingénieur. Hapa kazi yako inaisha. Toka, nitafanya imprimante na Eddy."

"Mama, nahakikisha tu."

"Haiko liste ya kuangalia. Hii bantu balinipa majina yabo na mulango ya kufunga. Toka, tafazali."

Ungedhani mtu aliyetoka kukiri kosa dakika tano zilizopita amejifunza kitu. Mimi nilifikiri ananiaibisha mbele ya Eddy. Nilifikiri: wananificha nini? Ni yale yale, wasomaji, kama Jumanne ile. Nikabonyeza kitufe cha kushuka, na majina yakapanda chini ya kiganja chake na kutokea upande wa pili wa vidole.

Namba 41. Blandine Ngoie. Muuza mihogo, Kamatanda. Mwezi wa nne wa dawa.

Pembeni palikuwa na nafasi ya maelezo. Kwa wengine paliandikwa uzito, au kijiji. Kwake paliandikwa: dawa zote anywee hapa, habari isifike nyumbani. Kisha neno moja, mume.

Nilisoma mara mbili. Miezi minne. Hesabu haikuhitaji kompyuta: cherehani iliuzwa mwishoni mwa mwezi wa kumi, Kamatanda alianza mwezi wa kumi na moja, na vumbi na kikohozi cha wale watu aliokuwa anawauzia mihogo vilimkuta huko nilikomtuma mimi kwa cheti changu cha wiki tatu. Miezi minne alikuja hapa kila asubuhi, akameza vidonge vyake kwa maji ya ndoo, akabeba beseni akaenda kazini, akarudi, akaketi mezani kunisikiliza nikisema habari za mkeka. 

Mama Philomène aliondoa kiganja. Hakikuwa na kazi tena.

"Alisema, ukijua utamufukuza," akaniambia taratibu. "Nilimuambia hapana, Ingénieur anasema tu. Yeye akasema, haumujue."

Imprimante ikaanza kupiga kelele zake. Ukurasa wa kwanza ukatoka, wa pili ukafuata. Eddy akazikunja karatasi ndani ya Biblia, pale ilipokuwa disketi, akatoka mbio kuelekea lori. Nilimwona dirishani anakimbia na koti lake la Jumapili.

Mzee Barthélemy alinishika bega.

"Kadenas ya muntu, Arsène," akasema. 

Nikatoka kwenye veranda. Sikuziba pua. Nilimtafuta kwa macho kwenye ukuta mfupi, na nilimwona mwisho kabisa wa foleni, beseni miguuni, ncha ya kitenge mdomoni. Alikuwa ameshaniona kabla yangu. Huenda aliniona tangu nilipoingia nimeziba pua.

Alisimama.

"Liste inaenda?" akauliza.

"Inaenda."

"Umeiangalia."

Nikakubali kwa kichwa.

"Basi unajua," Blandine akasema, na hakupunguza sauti. Foleni nzima ilikuwa imegeuka: wachimbaji, wauza samaki, mwalimu. "Ile maneno ya mukeka, ulisemaka mu nyumba, siye babili tu. Leo sema hapa, bantu basikie. Nikisha kumeza dawa, narudia mu nyumba, ao unanitandikia mukeka inje?"

Watu wale, niliowatukana miaka miwili mbele ya baraza langu, walishusha vitambaa midomoni ili wasikie vizuri. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu haukuwa na kitu ndani.  Blandine akainama, akabeba beseni lake, akanipa mgongo na kuingia kumeza dawa.